Jaribio

Programu ile niliinunua Barabara ya Nane,
kwa Twalibu, duka linalouza pia chaji, tochi na sumu ya panya.
Elfu kumi na tano. Sidii inang'aa ndani ya boksi,
na juu ya boksi familia ya kizungu inacheka
kama watu ambao umeme wao haujawahi kukatika.
"Bi Mkasi," akaniambia, "hii inapanga picha za nyumba nzima,
inafuta mikwaruzo, inarudisha rangi. Hata aliyefifia anafufuka."
Nikamwambia, usikufuru. Nikalipa.

Kompyuta ni ya mwanangu Shebughe, aliniachia alipohamia Dodoma,
sanduku la kijivu, linavuma kama friji yenye kinyongo.
Mchana nalifunika kitambaa nilichodarizi mwenyewe.
Usiku, Chumbageni imelala, nakaa na bahasha za Kihiyo:
Kihiyo kwenye mizani ya mkonge, ghalani, kalamu sikioni;
Kihiyo na Foniksi yake, kengele mbili, moja ya madaha tu;
Kihiyo siku ya ndoa, Muheza, koti la kuazima limemmeza vidole.
Kila picha niliyoingiza, programu ikaniuliza kwa Kiswahili safi
(Twalibu ndiye aliyeniwekea, kwa fahari):
Je, una uhakika?
Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Si baba alipopokea mahari,
si daktari wa Bombo aliponisogezea karatasi nitie sahihi.
Nikabonyeza Ndiyo. Kila mara, Ndiyo.

Siku ya thelathini na moja nimeiwasha asubuhi,
kikombe cha tangawizi mkononi,
na juu ya kila uso, bega hadi bega,
herufi za kijivu zimelala mshazari:
JARIBIO.
Juu ya mizani. Juu ya kengele mbili.
Ile R imempita Kihiyo jichoni.

Twalibu akalisoma boksi kana kwamba ndiyo kwanza wakutane.
"Kumbe ya siku thelathini, Bi Mkasi. Ukizidisha unalipa dola."
Dola! Ngamiani hii, ambako chenji ya mia unapewa pipi.
Akanipa namba. Nikapiga.
Sauti ikasema simu yangu ni muhimu sana kwao,
ikanichezea kinanda mpaka vocha ikakata roho.
Nikaandika barua pepe, ukurasa mzima,
nikaanza na salamu kama nilivyofundishwa: natumai hamjambo, sisi huku wazima.
Jibu likaja dakika ileile.
Asante kwa maoni yako. Usijibu ujumbe huu.

Waja leo waondoka leo, ndivyo tunavyowaambia wageni wa Tanga.
Sikujua na sidii ni mgeni.

Wiki nzima nilishona vibaya. Niliunguza wali mara mbili.
Halafu usiku mmoja, sindano mdomoni, nikakumbuka:
Kihiyo hakuniambia ananipenda.
Alisema, "Tujaribu, Mkasi. Tukishindwa tutajua."
Tukajaribu miaka ishirini na saba na miezi minne.
Na muda wake ulipokaribia hakuna kidirisha kilichofunguka
kuniambia zimebaki siku tano,
zimebaki siku mbili.

Nikazichapisha vilevile, na R yake.
Ile kubwa iko sebuleni, juu ya televisheni.
Wageni wanapinda shingo, wanasoma, wananywa soda yao.
Mjukuu, ambaye ndiyo kwanza anaunga herufi,
alipanda kiti akafuata kwa kidole: ja, ri, bi, o.
"Bibi, babu alikuwa anaitwa Jaribio?"
La, huyo Kihiyo.
"Sasa mbona wamemwandika?"
Nikamshusha, nikamwambia akaoshe mikono.

Jana Twalibu kapiga simu: limetoka toleo jipya,
zuri kuliko lile, na siku zake ni sitini.
Nimemwambia aniwekee tochi.